"No module named": Acheni Kufuta Kompyuta za Watu

Leo sina salamu ndefu. Kuna ushauri mmoja unaozunguka kwenye saiba, kwenye madarasa ya kompyuta na kwenye video za mafunzo, nao ni huu: programu ikikataa, futa kila kitu, usakinishe upya. Nimeusikia Nairobi, nimeusikia Embu mjini, na sasa nausikia hapa Ishiara karibu kila wiki. Nasema ni ushauri mbaya. Ni wa uvivu, ni wa gharama, na anayelipa gharama hiyo si yule anayeutoa.

Nitazungumzia kosa moja tu ili tusipotee njia. Kila anayeandika programu za roboti kwa Python amekutana nalo:

ModuleNotFoundError: No module named 'rclpy'

Kwa wasomaji wangu ambao hawaandiki programu (najua mpo, karibuni), maana yake si ngumu. Programu ya Python haijitoshelezi. Inaazima kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, na kila kazi ya kuazima huitwa moduli. Neno la kuazimia ni import. Ukiandika import rclpy unamwambia Python: niletee moduli iitwayo rclpy, ile ya kuzungumza na roboti. Python anatafuta. Akikosa, anasimama papo hapo na kukuandikia mstari huo.

Sasa soma tena alichosema. Hakusema kompyuta imeharibika. Hakusema moduli haimo ndani ya kompyuta yako. Amesema jambo dogo zaidi: NILIPOTAFUTA, SIKUIONA. Ukiachia hapo na kukimbilia kufuta, hujamuuliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: ulitafuta wapi?

Hasara ni ya nani?

Kuna kijana wa hapa Ishiara, amemaliza sekondari juzi juzi, anaunda gari dogo la magurudumu manne lenye kamera. Gari linapita kati ya mistari ya ndengu na kupiga picha majani, ili mkulima ajue wadudu wameingia upande gani wa shamba kabla hajanyunyizia dawa shamba zima. Wanaojua Mbeere wanajua ndengu ni nini kwetu. Ni karo, ni dawa ya hospitali, ni mabati ya nyumba. Kipakatalishi chenyewe mama yake alikinunua kwa pesa za ndengu, tena si kipya.

Kijana aliweka Ubuntu 22.04, juu yake akaweka ROS 2, toleo liitwalo Humble. ROS, kwa asiyeijua, ni mkusanyiko wa programu huria za kuendeshea roboti. Ilikuzwa kuanzia mwaka 2007 katika maabara ya Willow Garage huko California, na leo inatumika kuanzia roboti za viwandani hadi kagari kama haka. Mambo yalikwenda vizuri. Siku moja akawasha, akaendesha programu yake, Python akakataa kuleta rclpy.

Akakipeleka kipakatalishi kwa fundi mjini. Mji sitautaja wala fundi sitamtaja, maana angeweza kuwa fundi yeyote katika mji wowote. Fundi hakusoma kosa. Alifuta diski, akaweka Ubuntu upya, akadai pesa yake. Picha za majani za msimu mzima zikaenda na diski hiyo. Msimu wa mvua hauwezi kupakuliwa upya kutoka kwenye tovuti yoyote.

Mtaniambia alipaswa kuwa na nakala mahali pengine. Ni kweli. Lakini fundi wa baiskeli akitupa baiskeli yako mtoni kwa sababu cheni imetoka, humwambii mwenye baiskeli kwamba alipaswa kuwa na baiskeli ya pili.

Na bado sijafika kwenye uchungu wenyewe. Kijana alirudi nyumbani, akanunua bando, akashusha tena ROS 2, akashusha tena Anaconda (mkusanyiko mkubwa wa zana za Python anaoutumia kujifunzia kutambua picha, karibu gigabaiti nzima), akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Siku ya tatu kosa likarudi. Lile lile!

Hapo ndipo alipokuja kwangu. "Kaka, nifute tena?"

Jibu lilikuwemo ndani ya kosa

Tuliketi tukasoma mstari wote, si nusu yake:

ModuleNotFoundError: No module named 'rclpy._rclpy_pybind11'

Ona hicho kipande cha nyuma. Python hakulalamika kwamba rclpy haipo. Ameiona, ameifungua, ameingia ndani, na huko ndani amekosa sehemu moja. Chini yake kosa linaendelea, linataja faili linalotafutwa, na katika jina la faili hilo mna maneno cpython-312. Tukafungua folda ya /opt/ros/humble tukatazama faili lililopo kweli. Jina lake lina cpython-310.

Basi. Hakuna muujiza mwingine. ROS 2 Humble kwenye Ubuntu 22.04 imejengwa kwa ajili ya Python 3.10. Baadhi ya sehemu zake hazikuandikwa kwa Python bali kwa C++, na sehemu za namna hiyo hufungwa kwa namba ya Python mmoja, hazimkubali mwingine. Anaconda alikuja na Python wake mwenyewe, 3.12, na kila terminali inapofunguliwa anamsukuma mbele ya yule wa Ubuntu. Kijana aliandika python3 akidhani anamwita Python aliyemzoea, kumbe anayeitika ni mwingine.

Dawa yake ni mistari miwili:

conda deactivate
conda config --set auto_activate_base false

Wa kwanza unamwondoa Python wa Anaconda kwenye terminali uliyo nayo. Wa pili unamzuia asijisukume mbele tena, na siku ukimhitaji utamwita mwenyewe kwa conda activate. Gharama ya dawa hii ni baiti sifuri za bando. Hakuna picha iliyopotea. Hakuna fundi aliyelipwa.

Sasa niambieni, kufuta kulisaidia nini? Kulichelewesha kosa siku tatu, basi. Chanzo kilikuwa mpangilio, na kijana aliurudisha mpangilio ule ule kwa mikono yake kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ndio wenye shida. Ukichoma ghala kwa sababu ya panya mmoja, halafu ukajenga ghala lingine pale pale karibu na shimo la panya, umefanya kazi nyingi bure.

Python anatafuta wapi?

Hili ndilo somo ambalo ningependa lifundishwe kabla ya mengine yote, na linaingia katika dakika kumi. Python ana orodha. Inaitwa sys.path. Ukitaka kuiona, andika:

python3 -c "import sys; print(sys.executable); print(sys.path)"

Mstari wa kwanza utakuambia ni Python yupi anayezungumza nawe. Wa pili utakupa orodha ya folda anazotafutia. Mbele kabisa ni folda lilimo faili unaloliendesha (au hapo ulipo, ukitumia -c kama nilivyofanya). Kisha zinafuata zilizotajwa katika kigezo kiitwacho PYTHONPATH. Kisha maktaba yake mwenyewe Python, na mwisho folda za vifurushi ulivyosakinisha, site-packages au dist-packages. Anafuata orodha hiyo kwa mpangilio. Akikuta jina alilotumwa, anachukua na kusimama. Haendi mbele kulinganisha.

Ni kama kumtuma mtoto sokoni Ishiara na orodha ya vibanda. Umemwambia aanzie kwa kibanda cha kwanza, akikosa aende cha pili. Chumvi ikiwa kwa kibanda cha nane ambacho hukukiandika, mtoto atarudi mikono mitupu, na soko lina chumvi tele. Na kibanda cha kwanza kikiwa na mkebe ulioandikwa "chumvi" ndani yake mna sukari, atakuletea sukari. Utambeba mtoto umtupe? Utabomoa soko?

Karibu makosa yote ya import niliyoyaona kwenye roboti yanaingia katika mafungu sita. Yahesabuni nami, na kila fungu mjiulize kama kufuta kompyuta kungesaidia.

La kwanza: hukumwonyesha njia. ROS 2 haikai katika folda za kawaida za Python. Inakaa /opt/ros, na ni wewe unayemjulisha kwa amri ya source /opt/ros/humble/setup.bash. Amri hiyo ndiyo inayojaza PYTHONPATH. Ukifungua terminali mpya bila kuitoa, Python hana habari. Ukiunda kifurushi chako mwenyewe kwa colcon, hali ni hiyo hiyo, lazima utoe source install/setup.bash. Wengi huiandika ile ya kwanza ndani ya faili la ~/.bashrc ili wasisahau. Mstari mmoja.

La pili: Python wawili ndani ya nyumba moja. Hili nimelieleza. Ndiyo sababu nawaambia watu waache kuandika pip install peke yake. Andikeni python3 -m pip install. Hapo mna uhakika kifurushi kinaenda kwa Python yule yule mtakayemtumia, si kwa jirani yake.

La tatu: sudo. Hili linawapata hasa wanaounganisha Arduino au GPS kwa waya wa USB. Wanakataliwa ruhusa ya kusoma /dev/ttyUSB0. Mtu anawaambia waweke sudo mbele. Wanaweka, ruhusa inapatikana, lakini moduli zinatoweka! Kwa nini? Kwa sababu sudo kwa kawaida husafisha mazingira ya mtumiaji, na PYTHONPATH inafagiliwa pamoja na takataka nyingine. Dawa si kusakinisha tena kila kitu kwa sudo. Dawa ni kujipa ruhusa ya waya huo mara moja tu: sudo usermod -aG dialout $USER, kisha utoke na kuingia tena. Umemaliza.

La nne: jina la kifurushi si jina la moduli. Moduli ya picha unaiita kwa import cv2, lakini kifurushi chake ni opencv-python. Moduli ya kusoma YAML ni yaml, kifurushi ni PyYAML. Na mtego mkubwa kuliko yote: moduli ya waya ni serial, kifurushi chake ni pyserial. Ukibahatisha ukaandika pip install serial, utapata kifurushi kingine kabisa chenye jina hilo, ambacho hakina habari na waya wako. Import itakubali, kisha programu itakuambia serial haina kitu kiitwacho Serial. Hiyo ndiyo sukari ndani ya mkebe wa chumvi.

Tena kubahatisha majina kuna hatari. Mwaka 2017 mamlaka ya usalama ya Slovakia ilitangaza kwamba imekuta kwenye hazina ya PyPI vifurushi 10 bandia vilivyopewa majina yanayofanana na ya kweli, kama urlib3 na setup-tools, vikingoja mtu akosee herufi moja. Anayekufundisha "jaribu kusakinisha jina lolote kosa linalotaja" anakufundisha kuokota vitu barabarani na kuvitia mdomoni.

La tano: faili lako mwenyewe. Umeandika programu ya kujaribu waya, ukaiita serial.py. Folda la programu yako ndilo la kwanza katika orodha, si ndiyo? Basi Python akitumwa serial, analeta faili lako. Badilisha jina la faili. Sekunde tano.

La sita: umri. Na hapa ndipo ushauri wa kufuta unapogeuka kutoka upuuzi na kuwa sumu, kwa sababu ukifuta na kusakinisha upya, kinachokuja mara nyingi ni toleo JIPYA ZAIDI. Python 3.10, mwaka 2021, iliondoa majina ya zamani kama collections.MutableMapping. Ukiita import dronekit, maktaba ambayo vijana wengi wa droni wameanzia, toleo lake la 2.9.2 linafia njiani likilitafuta jina hilo. Python 3.12, mwaka 2023, iliondoa kabisa moduli za distutils na imp, na programu nyingi za zamani zikaanza kulia. Na ROS yenyewe ina vizazi viwili. Masomo mengi mtandaoni bado yanasema import rospy. Hiyo ni ya ROS 1, na toleo lake la mwisho, Noetic, lilifikia mwisho wa kuhudumiwa Mei 2025. Mwenye ROS 2 anaweza kusakinisha mara mia, rospy haitakuja, kwa sababu katika ROS 2 inaitwa rclpy na namna ya kuiandikia ni tofauti.

Hayo ni mafungu sita. Sijaona hata moja ambalo dawa yake ni kufuta diski.

Mnaonibishia

Wa kwanza ananiambia: lakini mimi nilifuta na ikafanya kazi! Nakubali, hutokea. Ulipofuta, ulifuta pia Python wa pili, au lile faili la serial.py, au ulifuata maagizo kwa utaratibu na mara hii hukusahau source. Umepona bila kujua ugonjwa. Siku ukirudi utafuta tena, na safari hiyo huenda roboti iko shambani na mkulima anangoja.

Wa pili, huyu ni msomi kidogo, ananiambia: haya yote yamepitwa na wakati, tumia Docker. Docker ni chombo kizuri na mimi mwenyewe nakitumia kazini. Lakini picha za Docker za ROS 2 zenye zana za mezani huhesabiwa kwa gigabaiti, na anayeziagiza kwa urahisi ni yule mwenye waya wa intaneti ofisini. Kebo za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, tukashangilia nchi nzima, na ni haki kushangilia. Ila kutoka Mombasa hadi Ishiara kuna safari, na mwisho wa safari hiyo kuna kijana anayenunua bando kwa simu. Tena ndani ya Docker mna Python yule yule na sys.path ile ile. Umehamisha tatizo chumba kingine.

Wa tatu anasema: mimi nauliza programu ya akili mnemba, inanijibu kwa sekunde. Sawa. Umeiambia nini? Ukiibandikia mstari mmoja wa kosa, itabahatisha kama fundi, na jibu la kubahatisha mara nyingi ni pip install. Ukiipa sys.executable, sys.path na kosa lote kuanzia juu hadi chini, itakusaidia kweli. Na ukishakuwa na vitu hivyo vitatu mkononi, mara nyingi jibu utaliona mwenyewe.

Wa nne ndiye anayeniudhi kuliko wote. Anasema: sisi ni watu wa roboti, si watu wa kompyuta, hayo ya folda si kazi yetu. Ndugu yangu, roboti yako ni kompyuta yenye magurudumu. Dereva wa matatu si mekanika, lakini anajua mafuta yanaingilia wapi.

Na hata walioandika programu wana lawama

Nisiwaonee mafundi peke yao. Sisi tunaoandika programu na mafunzo tumechangia. Ukifungua mafunzo kumi ya roboti, mangapi yanakuambia katika mstari wa kwanza ni toleo gani la Ubuntu, la Python na la ROS yaliyoandikiwa? Mwandishi anadhani kila mtu anasoma siku ile ile aliyoandika yeye, na anadhani kila mtu ana intaneti isiyokwisha. Jambo dogo likitokea anakuambia utoe apt upgrade ya mfumo mzima. Kwake ni wakati wa kunywa kahawa. Kwa msomaji wa Ishiara ni bando la wiki.

Mfano mzuri ni Raspberry Pi. Mfumo wake wa Bookworm ulipotoka Oktoba 2023, ulianza kukataa pip isisakinishe ovyo juu ya Python wa mfumo. Ukijaribu unaambiwa externally-managed-environment, na ujumbe wenyewe unakueleza la kufanya, yaani utengeneze mazingira ya pembeni. Ni ulinzi wa busara, maana vifurushi vya pip vikigongana na vya mfumo unaweza kuharibu zana ambazo mfumo wenyewe unazitegemea. Lakini tazama video: wangapi wanakuambia ubandike --break-system-packages na uendelee? Jina la amri yenyewe linakuambia kwamba unavunja vifurushi vya mfumo! Ni kama chupa iliyoandikwa SUMU, na mwalimu anasema kunywa tu, mimi nilikunywa. Kwa roboti amri sahihi ni hii:

python3 -m venv --system-site-packages mazingira

Hiyo inakupa chumba chako cha pembeni huku ukiendelea kuona moduli za mfumo, kama ile ya kamera. Utaingia chumbani kwa source mazingira/bin/activate.

Kuna pia suala la lugha. Makosa haya yote huandikwa kwa Kiingereza, na kijana wetu amezoea kuyaona kama kelele ya mashine, si sentensi yenye maana. Hakuna sababu ya kuyaacha hivyo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na ulionyesha kwamba kompyuta (au tarakilishi, mwalimu wako wa Kiswahili asije akakununia) inaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kuvunjika. Sidai Python atafsiriwe. Ninachodai ni kwamba kila anayefundisha kwa Kiswahili akifika kwenye kosa asimame, alisome kwa sauti, aseme maana yake neno kwa neno. "No module named" si kelele. Ni sentensi, na inajibika.

Ninachotaka

Mwaka 2022 KICD iliidhinisha mafunzo ya usimbaji ya Kodris Africa yatumike katika shule za msingi na sekondari nchini. Nilifurahi na bado nafurahi. Basi mwalimu, ukiwa na kipindi kimoja cha ziada, usikitumie kuongeza mchezo mwingine wa kompyuta. Haribu import kwa makusudi mbele ya wanafunzi. Ipe faili jina la random.py, waache wahangaike, kisha waonyeshe sys.path. Mtoto aliyeona hilo mara moja hatamwogopa tena Python, wala hatamlipa mtu amfutie diski.

Fundi, wewe nakuomba jambo moja. Kabla hujafuta, soma kosa. Ukishindwa kulisoma, mwambie mteja umeshindwa. Kusema sijui si aibu, na hakumpotezei mtu msimu wa kazi. Na ikiwa ni lazima ufute, nakili kwanza folda lake la nyumbani kwenye diski nyingine. Hilo si hisani. Ni kazi uliyolipwa.

Na wewe unayeunda roboti yako chumbani, chukua kalamu, andika haya kwenye karatasi, uyabandike ukutani juu ya meza:

1. Kosa lote linasema nini, kuanzia juu hadi mstari wa mwisho?
2. Ni Python yupi anayezungumza? (sys.executable)
3. Anatafuta wapi? (sys.path)
4. Moduli yenyewe iko wapi kwenye diski, na imejengwa kwa Python namba ngapi?
5. Jina ninaloliita ni la moduli au la kifurushi, na je, nina faili langu lenye jina hilo?

Ukimaliza hayo matano bila jibu, njoo tuketi. Wiki ijayo nitaandika juu ya kutengeneza hazina ndogo ya vifurushi kwenye kidude cha USB, kwa pip download, ili shule moja ishushe mara moja na wengine wanakili bila bando.

Yule kijana ameanza upya na msimu huu wa ndengu. Gari linatembea, picha zinaingia, na sasa anazo mahali pawili. Zile za msimu uliopita hazitarudi, na hakuna aliyemwomba radhi.